Kisanduku Kitupu cha Hakone: Fani Bila Maudhui?

Kisanduku ninachotaka kukihakiki safari hii hakina kitu ndani. Kilitoka kwa fundi kikiwa kitupu, kikauzwa kitupu, na mpaka leo kiko mezani kwangu kitupu. Msinicheke. Najua jarida letu hili ni la hadithi na mashairi, na najua wapo washkaji watakaouliza: jamani, useremala umeingiaje kwenye safu ya uhakiki? Umeingia kwa sababu ya swali moja ambalo sote tuliosoma fasihi tumelishwa mpaka tukavimbiwa: ujumbe wake ni nini?

Darasani tuliambiwa kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Mwalimu huyu anasema fani ni kikombe, maudhui ni chai. Mwalimu yule anakataa, anasema hizo ni sura mbili za sarafu moja. Mtihani ukifika unaandika yote mawili, unapata alama zako, basi. Lakini hebu nikuulize, ndugu msomaji: kikombe kikiletwa bila chai, na watu wakaendelea kukipenda kwa zaidi ya miaka mia moja, tutasemaje? Kwamba wamedanganyika? Au kwamba hesabu yetu ya kikombe na chai ina kasoro?

Kwanza kitu chenyewe. Wajapani wanakiita himitsu-bako. Himitsu ni siri, hako ni sanduku, na maneno hayo mawili yakiungana "h" ya hako hugeuka kuwa "b". Nyumbani kwake ni milima ya Hakone, mkoa wa Kanagawa, kusini-magharibi mwa Tokyo, kwenye chemchemi za maji ya moto. Kijiji kinachotajwa sana ni Hatajuku, kando ya Tokaido, barabara kuu ya kale iliyounganisha Edo (ndiyo Tokyo ya leo) na Kyoto. Mwaka 1619 serikali ya mashoguni iliweka Hakone kituo cha ukaguzi. Waliokuwa wakiangaliwa hasa ni bunduki zinazoingia Edo na wanawake wanaotoka. Kwenye barabara hiyohiyo ndiko fundi Ishikawa Nihei (1790-1850) anakotajwa kuwa mwanzilishi wa ufundi wa kuunganisha miti ya rangi mbalimbali, unaoitwa yosegi-zaiku. Visanduku vya siri kwa umbo tunalolijua vikafuata kuelekea mwisho wa karne ya 19, vikinunuliwa na wageni waliokuja kuoga maji ya moto. Yaani mahali palipozoea kupekua mizigo ya watu ndipo palipokuja kutengeneza sanduku lisilopekulika kirahisi. Ukitunga hivyo kwenye riwaya, mhariri atakuambia umezidisha.

Hiki nilicho nacho nimeazimwa na jirani yetu aliyewahi kwenda Japani kwa mafunzo ya ufundi. Ni cha sun tano. Sun ni kipimo chao cha kale, kama sentimita tatu hivi, kwa hiyo urefu wake ni kama sentimita kumi na tano. Kinafunguka kwa hatua kumi.

Ukikishika mara ya kwanza unadhani ni kigogo. Hakuna bawaba, hakuna tundu la ufunguo, hakuna mahali pa kutia ukucha. Unabonyeza huku na kule, wapi! Halafu kidole kinagundua kwamba ubavu mmoja mfupi unashuka kidogo, milimita mbili tatu tu. Kule kushuka kunaachia nafasi, na ubao mwingine unaweza kusogea. Ule nao ukisogea unaachia wa upande wa pili. Unarudi ulikoanza, unakuta pale palipokataa mwanzo sasa panakubali. Hivyo hivyo mpaka hatua ya mwisho, kifuniko kinateleza chote. Ndani ya kuta kuna mifereji na vizuizi vilivyofichwa, na kila ubao ni komeo la ubao unaoufuata. Kukifunga unarudi kinyumenyume kwa mpangilio uleule. Huwezi kuruka hatua.

MITI ISIYOPAKWA RANGI

Jambo la kwanza lililonikamata ni rangi. Kisanduku changu kina weupe, manjano, kahawia, kijivu chenye ukijani na weusi, na hakuna hata tone la rangi ya kopo. Kila rangi ni mti. Weupe ni mizuki, jina lenye maana ya mti wa maji, kwa sababu ukikatwa majira ya kuchipua unatiririka utomvu kama bomba lililopasuka. Manjano ni nigaki, yaani mti mchungu. Kahawia ni keyaki, mti wanaouheshimu sana kwa majengo na samani. Ule wa kijivu unaoelekea ukijani ni ho, jamaa ya manolia. Hutumika pia kuwa, ambao ni mforosadi, na kusunoki, ambao ni mkafuri. Weusi unaweza kutoka kwa kurogaki, aina ya mti wa matunda ya kaki ambao kiini chake kina michirizi myeusi, au kwa miti ya jindai.

Hapa kwenye jindai tusimame kidogo. Jindai ni enzi za miungu. Ni miti, kama katsura au keyaki, iliyofukiwa ardhini miaka mingi sana mpaka ikabadilika rangi, ikawa ya kijivu au nyeusi. Fundi wa yosegi akitaka weusi huo haendi dukani kununua rangi. Anatafuta mti uliokwisha kuusubiri weusi huo kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa linganisha na sisi. Ni waandishi wangapi katika rika letu ambao kila machweo kwao ni mekundu kama damu, kila msichana ana macho kama golori, na kila tajiri ana kitambi? Hizo ni rangi za kopo, zinapakwa juu ya ubao wowote. Nidhamu ya Hakone ni kwamba ukitaka rangi fulani utafute kitu ambacho tayari kina rangi hiyo. Ukitaka msomaji aone umaskini wa nyumba, usiupake umaskini. Mletee kandambili iliyoshonwa kwa waya.

NAKSHI NA NGOZI YAKE

Yosegi maana yake ni kukusanya miti. Fundi anachana vijiti vya miti tofauti, anavipiga randa kwa pembe kamili, anaviunganisha kwa gundi mpaka ukikata ncha unaona nakshi ndogo. Vipande hivyo anaviunganisha tena kwa upana, anapata ubao mnene wa nakshi tupu. Ubao huo unaitwa tane-ita. Tane ni mbegu, ita ni ubao. Ubao-mbegu! Kisha anachukua randa kubwa, ambayo Wajapani huivuta badala ya kuisukuma kama mafundi wetu wa huku, na kuuparua ubao-mbegu utoke karatasi nyembamba za mti zinazojikunja kama takataka ya randa ya kawaida, ila hii ina nakshi nzima ndani yake. Hizo ni zuku. Unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Zinanyooshwa kwa pasi, zinagandishwa juu ya sanduku la mti wa kawaida.

Iko njia ya pili, muku. Hapo ubao wenyewe wenye nakshi unachongwa au kuzungushwa kwenye mashine, ukatoka bakuli au chombo kingine, na nakshi inapita mpaka upande wa pili.

Nilipolijua hilo, nilitamani sana kuhukumu haraka. Muku ni ukweli, zuku ni vinia, ngozi ya kubandika, mambo ya meza za fomeka. Mwenye kupenda fasihi anavutwa huko: muku ndiyo sanaa ambayo fani yake imepenya mpaka ndani, zuku ni mapambo. Lakini kisanduku chenyewe kinaikataa hukumu hiyo, na sababu ni hii. Sanduku la siri la mti mtupu lingekuwa na mistari pale ubao unapokutana na ubao. Jicho lingeiona, na siri ingeishia hapo. Ukilifunika kwa nakshi iliyojaa mistari mia, ule mstari mmoja wa kweli unapotea katikati ya mistari ya mchezo. Nakshi ni sehemu ya komeo. Ngozi ile nyembamba, usiyoweza hata kuipima kwa rula ya shule, inafanya kazi ya ulinzi.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema "lugha ya mapambo tu" namuuliza: hayo mapambo yanaficha nini? Yakificha kiungo cha hadithi, ni kazi. Yasipoficha kitu, hapo tuko pamoja, ni mapambo tu.

Kwa kipimo hichohicho nitasema visanduku fulani ni dhaifu. Kuna aina inayouzwa sana kwa watalii, yenye picha ya Mlima Fuji na ziwa juu ya kifuniko, picha iliyotengenezwa kwa vipande vya mti. Ufundi upo, sikatai. Lakini picha ina juu na chini, ina kushoto na kulia. Kabla hujagusa kitu umeshaambiwa kifuniko ni kipi. Kisanduku chenye nakshi ya hesabu tupu pande zote sita hakikuambii kitu, unaweza kuwa umekishika kichwa chini miguu juu usijue. Picha ya Fuji inapendeza na inatoboa siri kwa wakati mmoja. Ni sawa na riwaya ambayo jalada lake limemchora muuaji.

HESABU YA HATUA

Visanduku hivi hutajwa kwa idadi ya hatua. Kuna vya nne, vya saba, kumi, kumi na nne, ishirini na moja, na kuendelea. Hayati Yoshio Okiyama alisifika kwa visanduku vilivyopita hatua 100. Mbele ya kazi kama hiyo nainama, kwa sababu kuta zenyewe hazikuongezeka. Siri zote hizo zimejibana katika mbao zilezile chache.

Ila kama mhakiki lazima niulize: hatua ya 80 inanipa nini ambacho ya 20 haikunipa? Mara nyingi ni marudio. Vidole vinazoea mwendo, akili inaondoka, inabaki kuhesabu. Kuna mafundi walioliona hilo. Akio Kamei na wenzake wa kundi la Karakuri, lililoanzishwa mwaka 1999, wametengeneza masanduku ambayo mengi hayajivunii idadi ya hatua. Yanasimama juu ya wazo moja tu usilolitarajia, na ukilipata unacheka peke yako kama mwendawazimu.

Hapa ndugu zangu mnaoandika hadithi za upelelezi nisikilizeni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hatusisimui kwa wingi wa vidokezo. Anatusisimua kwa sababu kila jambo analoligundua linamfungulia jingine ambalo jana lisingefunguka. Hiyo ndiyo hatua. Wengi wetu tunaandika matukio, si hatua: mtu anapigwa risasi, gari linalipuka, mrembo anatoweka. Ukimwambia mwandishi aondoe tukio la tatu, hadithi haitikisiki. Jaribu kuondoa hatua ya tatu kwenye kisanduku uone kama utafika ya nne.

TUYAITE NINI?

Suala la majina lina uzito kuliko linavyoonekana. Nakshi za yosegi karibu zote zimepewa majina ya vitu vya kila siku. Kikko ni gamba la kobe, maumbo ya pembe sita yaliyoshikana, na kobe kwao ni maisha marefu. Uroko ni magamba, pembetatu juu ya pembetatu. Seigaiha ni mawimbi ya bahari. Yabane ni manyoya ya mshale. Masu ni miraba ndani ya miraba, na jina limetoka kwenye kile kisanduku cha mti cha kupimia mchele. Kwa Kiswahili tuna neno limekaa tayari: kibaba. Ichimatsu ni mirabaraba ya drafti, iliyopata jina kwa mwigizaji wa karne ya 18, Sanogawa Ichimatsu, aliyepanda jukwaani na vazi la miraba watu wakaiga. Nakshi hiyohiyo ndiyo iliyoingia kwenye nembo ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021.

Sasa njoo kwenye asa-no-ha. Ni nyota ya pembe sita inayojirudia, nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Maana yake ni jani la asa. Na asa ni mmea gani? Ndiyo huohuo unaoufikiria. Mfasiri akiandika "nakshi ya jani la bangi" hajadanganya hata kidogo, lakini amekosea kabisa. Kwa Wajapani asa ni mmea wa nyuzi na nguo, unaokua haraka na wima, ndiyo maana nakshi hiyo iliwekwa kwenye nguo za watoto wachanga, wakue hivyo. Andika "bangi" na msomaji wa Manzese atapata picha ya kijiwe, si ya mtoto. Mimi ningesema "jani la katani", maana katani kwetu ni nyuzi, ni kamba, ni kazi. Mkonge utaingia kichwani mwa msomaji, sawa, lakini atakuwa amefika mtaa wa karibu zaidi.

Himitsu-bako tuiite kisanduku cha siri. Yosegi tuiite nakshi ya kuunganisha. Zuku nashindwa. "Maparuo" ni jina la kinyozi, "vinia" ni jina la duka la mbao. Mwenye neno alete.

Wengine wataniambia hayo ni mambo ya Wajapani wenyewe, yanatuhusu nini? Basi nikukumbushe mbio za kupokezana za wanafunzi wa vyuo vikuu, zinazokimbiwa kila Januari kutoka Tokyo kupanda mpaka Hakone na kurudi. Wanafunzi kutoka Kenya wamekuwa wakishiriki tangu 1989, na tangu 1997 timu inayoshinda siku ya kwanza, ile ya kupanda, hupewa kombe la yosegi. Yaani vijana wa Afrika Mashariki wanatoka jasho kwa ajili ya nakshi hii, na sisi hatuna hata neno la kuielezea.

UJUMBE

Turudi kwenye utupu. Watu hudhani kisanduku cha siri ni cha kulinda mali. Si kweli sana. Mwizi atakiweka kwapani aondoke nacho, au atakipiga nyundo. Kufuli la shilingi chache linalinda zaidi. Kwa hiyo hata ile chai ya kusingizia, dhahabu ya bibi au barua ya mapenzi, haielezi kwa nini kipo.

Nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Mswada wangu wa riwaya, kaunta buku tatu kwa mkono, nilioukamilisha nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne na kalamu za kukopa, ulirudishwa na mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja. Maelezo yalikuwa sentensi mbili: lugha ni nzuri, lakini haijulikani kitabu kinafundisha nini. Riwaya ile inamhusu binti anayetafuta baba aliyefichwa na mama yake. Anavuka uongo mmoja baada ya mwingine mpaka anafika, na anakuta mzee wa kawaida anayeuza mkaa, asiye na la kumwambia. Mchapishaji alitaka afikapo pawe na kitu: urithi, au laana, au fundisho kuhusu malezi. Alitaka chai.

Mimi nasema maudhui ya kisanduku hayakai kwenye lile shimo la katikati. Yako kwenye kuta. Kisanduku kinamfundisha aliyekishika kwamba kitu kinachokataa sasa kinaweza kukubali baadaye, kwamba nguvu hazisaidii, kwamba njia ya kurudi ni ileile uliyoendea. Hayo hakuyaambiwa, ameyafanya kwa vidole vyake. Binti wa riwaya yangu hapati kitu mwisho wa safari, lakini kila uongo alioufungua umemwonyesha mama yake upande ambao hakuwahi kuuona. Kama hayo si maudhui, basi nielezwe maudhui ni nini.

Lakini tusije tukajificha nyuma ya hoja hii. Si kila kitupu ni himitsu-bako. Boksi la viatu nalo ni tupu. Kipimo ninachopendekeza ni rahisi: siri ikishajulikana, kinabaki nini? Kisanduku hiki nimekifungua mara nyingi mno, hatua zake nazijua gizani, na masika yanapovimbisha mbao najua hata ni ubao upi utanikazia. Hakina tena la kunificha. Na bado nakichukua, nageuza ule ubavu wenye jani la katani kwenye mwanga wa dirisha, naangalia pale weupe wa mizuki unapokutana na weusi wa jindai bila hata unywele kupita. Hadithi inayoweza kusomwa hivyo mara ya pili, baada ya kumjua muuaji, baada ya kumjua baba, haina haja ya kuulizwa ujumbe wake mlangoni.

Ambao hamkubaliani nami, hasa mlio upande wa kikombe na chai, andikeni. Kurasa zipo. Na aliyepata neno la zuku alitume pia, nalihitaji.